Maswali ya Wasomaji: Mwalimu kasaini saa 1:10, darasani kaingia saa ngapi?

Wapendwa wasomaji, tangu shule zifunguliwe meseji nyingi za safu hii zilikuwa za yunifomu na michango ya chakula, hayo tulishayajibu toleo lililopita. Sasa kuna rundo lingine limeingia la walimu kuchelewa vipindi na nimeona nilitoe lote kwa mpigo maana wameandika wanaolalamika na wanaolalamikiwa, tena wengine naona kabisa wanajibizana bila kujuana. Majina ya shule nimeyafuta, msinipigie simu kuniuliza ni wapi.

Wanafika mapema wanafanya nini?

*Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili hapa Dodoma mjini, mkubwa yuko darasa la tano. Nauza vitumbua na maandazi karibu na geti la shule kwa hiyo naona kila mwalimu anavyoingia, wengi wanawahi kweli, wapo wanaofika saa moja na dakika kumi washafika. Lakini mwanangu akirudi nikimuuliza kipindi cha kwanza mmesoma nini ananiambia mwalimu alikuja tumeshakaa sana, siku nyingine hakuja kabisa na alikuwepo shuleni. Sasa wanawahi kwenda kufanya nini? Na nikisema si mtoto ataandamwa? Mume wangu ananiambia niache umbea.*

Marhaba mwanangu, na huo si umbea, mwambie baba watoto hivyo. Wewe umeona kitu ambacho hata maafisa wakija na magari yao hawakioni kwa sababu wao wanakuja kuangalia kitabu.

Ngoja nikueleze kitabu chenyewe. Kila shule ina kitabu cha mahudhurio ya walimu, unafika unaandika jina, saa uliyofika, unasaini. Ikifika saa 1:30 mkuu au mwalimu wa zamu anapiga mstari mwekundu, aliyesaini chini ya mstari kachelewa na anajulikana. Ndo maana unaona watu wanakimbia pale getini kwako wengine hata chenji hawangoji, wanakimbilia ule mstari. Ukishasaini juu ya mstari kwenye karatasi wewe ni mwalimu mzuri siku nzima, hakuna mstari mwingine unaopigwa saa mbili kuuliza nani yuko darasani. Basi hapo katikati ndo kuna chai, kuna stori za jana, kuna anayeandika andalio la somo la kipindi kinachoanza baada ya robo saa, kuna mwenye kitenge cha kuuza anakitandaza mezani wenzie wachague, na kuna wa haki kabisa wanaosahihisha madaftari au wameitwa na mkuu kujaza takwimu zinazotakiwa leoleo wilayani. Kengele inalia, mtu anasema namalizia kikombe.

Na si shuleni kwenu tu. Benki ya Dunia walifanya utafiti kwenye shule za msingi hapa nchini mwaka 2014, walikwenda bila kutoa taarifa, wakakuta karibu nusu ya walimu hawapo darasani wakati wanatakiwa wawe wanafundisha, na wengi kati ya hao walikuwa shuleni hapohapo. Yaani wamefika, wamesaini, ila darasa linasubiri. Kwa hiyo tukisema mwalimu awahi tunaongelea zile hatua chache za kutoka ofisini mpaka mlango wa darasa, maana ile safari ya nyumbani mpaka shule wengi wameshaiweza.

Sasa piga hesabu na mimi. Kipindi cha darasa la tano ni dakika 40. Mwalimu akichelewa dakika 10 tu, na watu wanaziona ni kidogo, kala robo ya kipindi. Somo likiwa na vipindi vitano kwa wiki hizo ni dakika 50, yaani kipindi kizima na chenji juu. Mwaka wa masomo una siku 194, tuseme wiki 39 hivi, zidisha uone: dakika 1,950, ni zaidi ya vipindi 48, ni zaidi ya wiki tisa za somo hilo zimeishia kwenye kikombe cha chai. Halafu Novemba tunaambiwa silabasi haikuisha, watoto waje tuisheni.

Na hapo sijaweka wapiga kelele. Unajua mwalimu asipokuwepo monita anaachiwa karatasi aandike wanaopiga kelele, anaandika jina halafu pembeni anaweka mara mbili, mara tano, mwenye ugomvi naye anamwekea mara kumi. Mwalimu akiingia kachelewa kitu cha kwanza anapokea ile karatasi, anaanza kuita mmoja mmoja mbele, huyu analia, yule anasema kasingiziwa, monita anajitetea, mpaka hesabu za sehemu zinaanza kufundishwa kengele iko njiani. Kelele ilisababishwa na nani pale? Watoto 70 wa miaka kumi wamekaa bila kazi yoyote unategemea wafanye nini, wasali?

Kuhusu kuandamwa, fanya hivi. Usianzie kwenye grupu la WhatsApp la wazazi maana huko kesho litakuwa ni jambo la mwalimu fulani anachukiwa na mama fulani, na usimpe mtoto kazi ya kuandika saa. Chukua madaftari yake jioni uyafungue. Kila somo linaandikwa tarehe, angalia Hisabati ya wiki mbili hizi ina tarehe ngapi, kazi imesahihishwa au ina vema za haraka bila kusomwa, kuna kazi ngapi zimeishia katikati. Ukiyajua hayo nenda kwa mwalimu wa darasa, msalimie, mwambie mwalimu naona Hisabati imeruka siku hizi na hizi nimekuja kuulizia kama mtoto alikuwa hayupo. Hapo hujamtuhumu mtu, ila mwalimu yeyote mwenye akili atajua umeona. Ikiendelea nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kuna kamati ya shule na kwenye kamati wazazi mna wawakilishi, kisha Afisa Elimu Kata. Watu wanapenda kurukia kwa mkuu wa wilaya, huko ni mbali bwana na mara nyingi barua inarudi palepale kwa mwalimu mkuu akiwa ameshanuna.

Noah yetu ndo inatuchelewesha

*Habari mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi wilaya ya Chamwino ila naishi Dodoma mjini kwa sababu kijijini nyumba ya mwalimu ni moja anakaa mwalimu mkuu, na mke wangu anafanya kazi mjini. Tuko walimu watano tunachangia Noah, tunaondoka saa kumi na mbili kasoro. Kiangazi tunafika vizuri, lakini mvua zikianza kuna korongo mbele ya kijiji likishuka maji tunakaa tunaliangalia, mara nyingine mpaka saa tatu. Wanakijiji wanatusema sana na mwenyekiti ametusema kwenye mkutano. Sisi tufanye nini, tuogelee?*

Mdogo wangu pole, na usiogelee. Makorongo ya Dodoma anayeyadharau ni mgeni, mchana ni mchanga mkavu watoto wanacheza mpira, mvua ikinyesha huko juu ambako wewe hata wingu hulioni linakuja linabeba pikipiki na mwenye pikipiki. Kwa hilo mwenyekiti aache maneno, kama ana hoja apeleke ombi la kivuko na la nyumba za walimu, tena kwa maandishi.

Ila nikuulize kitu kimoja nawe ujijibu mwenyewe. Walimu watano kwenye gari moja, shule yenu ina walimu wangapi jumla? Kama ni saba au nane basi Noah ikipata pancha shule nzima imefungwa, anabaki mwalimu mkuu na mwalimu mmoja wanapita darasa hadi darasa kuwaambia watoto wanyamaze. Hilo korongo halihusiki nalo, hilo mmelipanga wenyewe kwa sababu kuchangia mafuta ni nafuu. Naelewa mshahara, naelewa familia, lakini angalau wawili wenu ambao hawana watoto wadogo wapange chumba kijijini kuanzia Desemba mpaka Aprili, mvua zikikatika warudi mjini. Chumba cha kijijini hakifiki nauli ya Noah ya mwezi, mpigie hesabu uone.

Na jambo la pili ni la ratiba. Kaeni na mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia taaluma na ratiba, mapema kabla ya mvua, wale wanaolala kijijini wapewe vipindi viwili vya kwanza na zamu za asubuhi, ninyi wa mjini mbebe vya mchana na usimamizi wa jioni. Shule nyingi ratiba inapangwa Januari inabandikwa ukutani inakaa hivyohivyo mpaka mwaka uishe kama vile mvua hainyeshi. Darasa la kwanza na la pili ndo msiwaguse kabisa, wale vipindi vyao ni dakika 30 tu na wako kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, ukimkosesha asubuhi akiwa na akili mbichi mchana utamkuta amelala juu ya dawati, na wengine hapo ujue walitoka nyumbani bila kula kitu wanasubiri uji wa shule.

Mkikwama kweli korongoni, piga simu. Si kumpigia mwalimu mkuu peke yake kujitetea, mpigie mwenzio aliyeko shuleni umwambie ukurasa wa ngapi, zoezi la ngapi, nani agawe vitabu. Dakika mbili hizo na darasa lina kazi.

Naitwa kiherehere

*Shikamoo mama. Mimi ni ajira mpya, nafundisha Bailojia sekondari huku Kongwa, kidato cha kwanza na cha pili. Chuo tulifundishwa kuingia darasani kabla ya wanafunzi kutulia lakini hapa nikinyanyuka kengele haijalia wenzangu wananicheka, wananiita kiherehere wa mwaka wa kwanza wanasema subiri mwaka wa tatu utapoa. Pia nikiwahi nakuta mwalimu wa kipindi kilichopita bado yuko ndani anamalizia na mimi nabaki nimesimama nje juani. Je niendelee au ninajitesa?*

Marhaba mwanangu, na hongera kwa ajira maana najua foleni yake. Kiherehere endelea nacho. Wanaokucheka wengine walikuwa kama wewe kabisa, watu hawapoi kwa sababu ya miaka, wanapoa kwa sababu hakuna aliyewaambia asante.

Hilo la kusimama nje juani ndo limenifurahisha maana umegusa kitu ambacho hata wadhibiti ubora, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi wa shule, sijawahi kuwasikia wakikiuliza. Angalia ratiba yako: kipindi kinaisha saa 2:40 na kingine kinaanza saa 2:40. Hakuna hata dakika ya kutembea! Mwalimu anatakiwa awe ametoka kidato cha nne B kule mwisho na awe ameingia kidato cha kwanza A huku kwa muda uleule. Kwa hiyo kuwahi kwa yule anayeingia kuko mikononi mwa yule anayetoka. Mwalimu anayejisifu kwamba yeye anafundisha mpaka anapitiliza, kengele imelia yeye "subirini nimalizie hii", anaonekana mchapa kazi, kumbe kachukua dakika nane za Bailojia yako, na wewe ukachukua za Jiografia, na siku nzima inasogea hivyo mpaka kipindi cha mwisho ambacho mara nyingi kinakuwa kimeliwa chote. Kwa hiyo wewe anza kwa kutoka kengele ikilia. Acha sentensi katikati kama ni lazima, utaimalizia kesho ndo iwe swali la kuanzia. Na huyo anayekupitiliza usigombane naye, simama mlangoni pale anapokuona, mtabasamie, siku ya tatu ataona aibu. Asipoona mwambie mtaaluma.

Sasa ukishaingia hizo dakika za mwanzo usizitumie kuwaambia wanyamaze. Una wanafunzi wangapi, 80? Kugawa madaftari 80 kwa kuita jina mojamoja ni dakika kumi zimekwenda, mi nimeona. Panga madaftari kwa safu za madawati siku ileile unayosahihisha, funga kila safu na kamba au mpira, monita na wasaidizi wake wagawe kabla hujafika, kila safu inapokea bunda lake. Futa ubao mwenyewe kama haujafutwa, andika tarehe, mada, halafu chini yake maneno sita au saba mapya ya siku hiyo. Hilo kwa kidato cha kwanza ni kubwa kuliko unavyodhani, hawa watoto miaka yote ya msingi wamesoma Kiswahili, Januari wameingia kwako kila kitu ni Kiingereza, mtoto anaijua seli vizuri tu kwa Kiswahili ila ukimtajia utando wake kwa jina la Kiingereza anabaki anakutazama. Akiyakuta maneno ubaoni ukiwa bado unapanga chaki zako anaanza kuyanakili na kuyanong'ona, na mkianza somo hayamshtui.

Halafu kuna kingine kinaonekana tu kwa anayewahi. Ukisimama mlangoni wanapoingia unaona nani kavaa ndala leo, nani macho mekundu, nani kakaa dawati la nyuma wakati siku zote ni wa mbele. Ukiingia darasa limeshakaa wote wanafanana, ni mashati meupe 80.

Sisi tunachapwa, wao je?

*Shikamoo bibi. Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Natembea kutoka nyumbani karibu saa nzima na kabla ya hapo nachota maji. Nikifika saa 1:40 nachapwa getini, lakini mwalimu aliyetuchapa juzi kaingia kipindi chake nusu saa baadae tukasimama tukamwamkia. Hii ni haki?*

Marhaba mjukuu wangu. Si haki, nakujibu moja kwa moja.

Kanuni za adhabu ya viboko ni za mwaka 2002 na zinasema viboko visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike labda kama shule haina, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Tena ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Ile foleni ya getini asubuhi kila mtu anapigwa viwili anapita, hakuna anayeandika kitabu pale, na mimi binafsi sioni kuchelewa dakika kumi kwa mtoto aliyetoka kuchota maji kunaingiaje kwenye makosa makubwa. Na mwalimu naye ana pa kuwajibishwa, akizoea kuchelewa mkuu wake anaweza kumpa onyo au karipio, na likizidi kuna Tume ya Utumishi wa Walimu.

Ila wewe usiende kumwambia mwalimu nimesoma kanuni, utaniletea matatizo. Ongea na mlezi wako aende kwa mkuu aeleze hilo la maji na umbali, wakuu wengi wakijua wanatoa ruhusa ya kuchelewa kidogo au wanakuondoa kwenye usafi wa asubuhi. Hilo la mwalimu kuchelewa mpeni kiongozi wenu alipeleke kwenye baraza la wanafunzi, lisemwe kwa adabu na kama darasa zima, bila jina la mtu.

Na Juni na Julai, ule upepo wa baridi wa hapa kwetu unaujua, toka na sweta hata kama si la shule, ulivue getini.

Nisogeze mstari mwekundu?

*Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu mkuu wilaya ya Bahi. Nimechoka na walimu kukaa ofisini. Nafikiria kupiga mstari mwekundu saa 1:15 badala ya 1:30 ili wakae sawa. Unashauri nini?*

Usisogeze mkuu wangu. Saa ya kazi ya serikali ni 1:30, ukiwawekea 1:15 watakuja 1:15 watasaini na watakaa ofisini robo saa zaidi, chai ndo itakuwa ndefu. Na utapata malalamiko ambayo hutakuwa na kanuni ya kuyajibia.

Wewe kengele ya saa mbili ikilia usiwe ofisini kwako. Toka, tembea koridoni polepole umeshika kikombe chako cha chai ukitaka, usiandike chochote, usimfokee mtu, pita tu darasa hadi darasa uwasalimie watoto ambao hawana mwalimu. Ukikuta darasa halina mtu ingia uanze kufundisha. Mwenye kipindi akifika akakukuta unafundisha somo lake mpe chaki, mwambie tumefika hapa, ondoka. Hakuna kikao cha wafanyakazi kitakachofanya kazi kama hicho.

Na lile daftari la vipindi analobeba monita, ambalo mwalimu anasaini akiingia, lisome. Shule nyingi linajazwa Ijumaa mchana, mwalimu mmoja anasaini wiki nzima kwa kalamu moja na monita anamshikia daftari. Agiza liletwe mezani kwako kila siku kabla ya watoto kuondoka, na siku mojamoja mwite monita umuulize kipindi cha tatu leo mlisoma nini. Ukiona anamtazama mwalimu wake kabla ya kujibu, muulize ukiwa naye peke yake.